Chupa ya Pamba

Mimi ni mwuguzi. Kazi hii naifanya tangu mwaka 2001 katika hospitali moja ya milimani, Kivu ya Kusini, ambayo jina lake sitalitaja. Kwetu kila avaaye kanzu nyeupe huitwa mganga, hata yule anayepima uzito wa watoto. Basi nami wameniita mganga miaka yote hii, wala sikukataa. Heshima ni tamu. Leo nataka kuwasimulieni jambo nililolificha muda wa miezi miwili, na ambalo kwa ajili ya kulificha mwanamke asiye na kosa alifukuzwa kwake.

Ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 2017, katikati ya kiangazi. Matangi yetu ya mvua yalikuwa yamekauka. Maji yote ya hospitali yalitoka chemchemini, mwendo wa nusu saa bondeni, katika bidoni za lita 20 ambazo wanawake huzibeba mgongoni kwa kamba ipitayo kipajini. Nyumba ya kuzalia ilipewa bidoni nne kwa siku. Kwa bidoni hizo nne ilitupasa kuwaosha waliozaa, kusafisha sakafu, kufua vitambaa, kuchemsha vyombo, na kunawa mikono. Mwajua wenyewe ni lipi katika hayo husahauliwa kwanza.

Siku hizo akaletwa mama kijana, mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amelala kwa upande tumboni. Mganga mkuu akampasua usiku, nami nikamshikia vyombo. Akatoka mtoto wa kike, kilo tatu, akalia kwa nguvu hata walinzi wa wagonjwa waliolala barazani wakaamka wakacheka. Siku ya saba kidonda cha mama kilikuwa kimefunga vizuri, na mganga akaandika katika karatasi yake kwamba aweza kurudi nyumbani.

Hakurudi. Malipo yalikuwa hayajatimia, na mumewe alikuwa machimboni akitafuta fedha. Hospitali nyingi za nchi yetu zina desturi hii, na yetu pia ilikuwa nayo: aliyepona hatoki mpaka alipe. Siitetei, wala siwezi kuilaani kama mtu aliye mbali nayo, maana mshahara wangu mwenyewe hutoka katika malipo ya wagonjwa. Lakini tazameni matokeo yake. Mama mzima na mtoto mzima wakakaa siku kumi zaidi katika chumba chenye vitanda 12 na wanawake 19, katikati ya homa, na vidonda vyenye usaha, na watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao. Tena deni likazidi kukua, kwa kuwa kitanda nacho hulipiwa.

Aliyemlinda ni shangazi ya mumewe, mjane wa makamo, ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Alimpikia ugali nyuma ya hospitali, akamfulia nguo, na usiku akalala chini juu ya mkeka, kando ya kitanda. Jioni ya siku ya 16 mama alikuwa na kichwa kinauma. Basi shangazi akamwogesha mtoto yeye mwenyewe, mara moja tu. Likumbukeni hilo.

Siku ya 17 mtoto alikataa ziwa. Mwili wake ulikuwa wa moto, kisha ukawa baridi, na kwa mtoto mchanga baridi hiyo ni mbaya kuliko moto. Mganga mkuu akamtoa damu kidogo, akaituma kwa pikipiki katika maabara ya mjini. Tukampa ampisilini na jentamisini, dawa ambazo vitabu vyetu vyaagiza. Siku ya pili, tulipoona hapati nafuu, tukabadili tukampa seftriakisoni, ambayo kwetu ilikuwa kama askari wa mwisho. Usiku wa kuamkia siku ya tatu, kabla ya jogoo kuwika, akafa.

Wiki ile ile alikuwa amekufa mtoto mwingine chumbani mle, wa kilo moja na nusu. Kwa huyo hatukuuliza neno. Tulisema alizaliwa mapema mno. Wa tatu aliungua homa siku tano, akapona, sijui kwa nini.

Mama akaachiliwa siku ya msiba, deni likaandikwa kitabuni, na yule maiti mdogo akachukuliwa nyumbani katika kitenge. Siku tatu baadaye karatasi ya maabara ikafika. Huko mjini huiweka damu katika chakula cha vijidudu, wakangoja viote. Vikiisha kuota, huviwekea dawa mbalimbali waone ni ipi inayoviua. Karatasi ilisema: klebsiela. Chini yake yalikuwa majina ya dawa, na mbele ya kila jina herufi moja. S maana yake kijidudu chasikia dawa. R maana yake hakisikii. Ampisilini, R. Jentamisini, R. Seftriakisoni, R. Nikashuka kwa kidole, R juu ya R, mpaka nikakuta S mbili tu, mbele ya amikasini na meropenemu, dawa ambazo kabatini mwetu hazikuwamo. Ile ya pili, bei yake ya siku moja ilipita mshahara wangu wa wiki.

Yaani kwa siku tatu tulimdunga mtoto yule sindano ambazo kwa ugonjwa wake hazikufaa kuliko maji.

Ndugu msomaji, nivumilie nieleze kidogo, maana hapa watu wengi hukosea, nami nilikosea ingawa nilisoma. Watu husema: mwili wake umezoea dawa. Sivyo. Si mwili unaozoea, ni kijidudu. Klebsiela ni jamii ya bakteria ambayo wengi wetu twakaa nayo matumboni bila kuumwa. Bakteria wapatapo chakula na joto, wengine hujigawa kila dakika 20: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, na kufika asubuhi hesabu yake humshinda mwalimu. Katika wingi huo hutokea mmoja aliye tofauti kidogo na wenzake, mwenye silaha ya kuivunja dawa. Dawa inapoingia huwaua wenzake wote, naye abaki peke yake, shamba zima ni lake. Silaha yenyewe si mpya. Mwaka 1940, penisilini ilipokuwa haijaingia hospitalini, Abraham na Chain, wataalamu wa Oxford, walikwisha kuandika habari za kitu kilichomo ndani ya bakteria kiwezacho kuivunja. Tena bakteria hupeana silaha hiyo. Kipande kidogo cha urithi hutoka kwa mmoja kikaingia kwa mwingine, hata kama si wa jamii yake. Ndiyo maana mtoto wa siku 17, ambaye hajameza kidonge hata kimoja tangu kuzaliwa, aweza kushikwa na ugonjwa usiosikia dawa. Dawa zilizouzoeza ugonjwa huo zilimezwa na watu wengine, pengine kabla hajatungwa mimba.

Na sisi hospitalini tuliuzoeza kweli. Kila mwanamke aliyepasuliwa tulimpa seftriakisoni siku saba, kidonda kiwe kizuri kiwe kibaya, tukidhani twamlinda. Shirika la Afya la Ulimwengu laagiza dawa ya kinga itolewe mara moja, kabla ya kisu, tena dawa nyepesi kuliko hiyo. Siku saba zile hazikuwa za mgonjwa. Zilikuwa za kutuliza hofu yetu, kwa sababu tulijua chumba chetu hakikuwa safi.

Lakini swali lilibaki. Kijidudu kile hakina miguu wala mabawa. Kilitoka wapi kikawafikia watoto watatu kwa wiki moja? Mganga mkuu, mtu mkimya, hakupiga kelele wala hakutafuta wa kumlaumu. Aliketi juu ya kigoda katika nyumba ya kuzalia kuanzia saa kumi na mbili ya asubuhi, akatutazama tukifanya kazi. Aliketi asubuhi mbili. Siku ya pili akaniita, akanionyesha kwa kidole chupa ya pamba.

Ilikuwa chupa ya kioo, yenye mdomo mpana na kifuniko, iliyokaa juu ya meza miaka mingi. Ndani yake tuliweka pamba iliyolowa maji ya dawa ya kuua vijidudu, nasi kila asubuhi tukatoa kipande, tukampangusa kila mtoto kitovu. Dawa yenyewe huja nzito, sharti kuizimua kwa maji kwa kipimo. Kwa kuwa ilikuwa ghali, tuliizimua kupita kipimo. Pamba nayo huinyonya dawa, ikazidi kuifanya dhaifu. Ilipopungua, nilijaza juu ya ile ya jana, na kesho juu ya ile ya leo. Sikumbuki siku niliyoimwaga yote nikaiosha chupa. Nilichovya vidole vyangu humo, kisha nikamshika mtoto, kisha nikachovya tena.

“Ni nani huijaza?” akaniuliza.

Nikajibu, “Ni mimi, Daktari.”

Akatuma maabara maji kidogo ya chupa ile, na maji ya beseni ya kunawia, na kipande cha sabuni kilichokaa siku zote ndani ya kisahani chenye maji. Sabuni ilikuwa na vijidudu vingine, vya kawaida. Chupa ya pamba ilikuwa na klebsiela, nayo herufi zake zilifuatana sawasawa na zile za karatasi ya kwanza: R, R, R, mpaka S mbili za mwisho.

Dawa ile tuliyoiita ya kuua vijidudu ilikuwa ndiyo nyumba yao.

Nilikaa na jambo hilo. Tulikubaliana, mimi na wenzangu, kwamba chupa itaondolewa na kazi itaendeshwa vingine, na kwamba maneno hayatatoka nje. Mkubwa mmoja, simtaji, alisema watu wakisikia wataikimbia hospitali, nao watakufa wengi zaidi majumbani. Hoja hiyo si ya kijinga. Niliishika kama mtu anavyoshika fimbo gizani.

Kisha, mwishoni mwa Septemba, katekista wa kilima kile alikuja kuchukua dawa za malaria, akanipa habari za wafiwa. Alisema baba wa mtoto alikuwa amerudi kutoka machimboni akakuta kaburi. Ukoo ukakutana. Mtoto alizaliwa mzima, wakasema; sindano alipigwa, serumu alitundikiwa, dawa za wazungu zikashindwa; basi ugonjwa wenyewe haukuwa wa hospitali. Ni nani aliyemwogesha jioni, na kesho yake mtoto akakataa ziwa? Mjane asiye na mtoto, mwenye kijicho. Mkono wake ni mbaya. Walimvunjia nyungu zake, wakamfukuza usiku, naye akaenda kukaa kwa ndugu yake, kilima cha mbali, ambako pia walimpokea kwa mashaka.

Mimi nilikuwa na karatasi mbili katika meza yangu zilizosema ni mkono wa nani.

Sitawaambia kwamba nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilikwenda baada ya siku tisa. Mganga mkuu nilipomwomba ruhusa alinitazama muda mrefu, kisha akanipa pikipiki ya hospitali hata mwisho wa barabara. Toka hapo nikapanda kwa miguu na katekista muda wa saa mbili. Njiani nilitayarisha maneno mengi ya kitaalamu, na nilipofika sikuweza kuyatumia.

Walikuwapo baba wa mtoto, nduguze wawili, bibi mzee, na yule mama kijana mlangoni, amesimama nusu ndani nusu nje. Nikatoa zile karatasi. Hazikuwaambia kitu, na ni haki. Ndipo nikaona migomba iliyokauka nyuma ya nyumba. Wasomaji wa Kivu mwajua ugonjwa ule wa migomba ulioingia kwetu tangu miaka ya 2000, ambao majani hunyauka na ndizi huiva kabla ya wakati zikaoza ndani. Nikawauliza jinsi unavyokwenda kutoka mgomba hata mgomba.

Baba wa mtoto akajibu, “Kwa panga. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata ulio mzima pasipo kulipitisha panga motoni, umeuua nao.”

Nikasema, “Ugonjwa ule ni bakteria, ndugu yangu. Na hospitalini ni vivyo hivyo. Mtoto wako alikuwa mzima. Kulikuwa na ugonjwa katika chupa, nami kwa mkono wangu niliutoa chupani nikampaka kitovuni. Shangazi yako alimwogesha kwa maji ya moto na sabuni mpya aliyoinunua yeye mwenyewe. Katika chumba kile chote, mkono wake ndio uliokuwa safi.”

Wakanyamaza. Nilidhani watanipiga, hata katekista alisogea kidogo kuniacha. Baba akasema, polepole, “Basi wewe ulikuwa panga.” Nikasema ndiyo.

Bibi mzee akauliza, “Na yule tuliyemfukuza, mwanangu, nani atakwenda kumwita?” Hakuna aliyemjibu. Yule mama kijana hakusema neno siku hiyo. Aliingia ndani akafunga mlango, na huo ndio uliokuwa mzito kuliko yote niliyoyaogopa njiani.

Tangu siku ile nimesoma mengi. Nimesoma habari za Ignaz Semmelweis, mganga katika mji wa Vienna, ambaye mwaka 1847 aliona kwamba wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Mwezi wa Aprili, katika kila wanawake 100 waliozaa mikononi mwao, 18 walikufa. Akawaamuru wanawe kwa maji ya klorini katikati ya mwezi wa Mei, na mwezi wa Juni wakafa wawili tu katika 100. Waganga wengi wakubwa hawakumpenda, kwa kuwa alilowaambia ni kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda.

Nimesoma pia hotuba ya Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928. Alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 hakujisifu tu, bali alitoa mfano wa mume mmoja anayeumwa koo. Anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, haitoshi kuua vijidudu bali yatosha kuvifundisha. Kisha mkewe aambukizwa vijidudu hivyo vilivyofundishwa, na penisilini haimsaidii, naye afa. Fleming akauliza ni nani aliyemwua. Mimi katika kijiji chetu nimewagawia majirani vidonge vinne vinne vya rangi mbili, kwa kikohozi cha kawaida ambacho kingeisha chenyewe, nao wakanishukuru kwa mayai. Na wale wauzao dawa sokoni, juani, vidonge viwili kwa bei ya muhindi wa kuchoma, wanafanya kama nilivyofanya, ila wao huchukua faranga.

Msidhani haya ni ya kilima chetu tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulihesabu kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu visivyosikia dawa. Idadi hiyo yapita ya waliokufa kwa malaria mwaka huo. Mwaka 2019 vile vile wataalamu, pamoja na wale wa taasisi ya utafiti ya Kinshasa, waliandika habari za aina ya salmonela inayoingia katika damu ya watoto wetu hapa Kongo, ambayo karibu dawa zote zinazotumika kuitibu haizisikii. Na mwaka 2024 Shirika la Afya liliiweka klebsiela isiyosikia hata dawa za jamii ya meropenemu juu kabisa katika orodha yake ya bakteria wa kuogopwa. Ulaya hospitali yenye ugonjwa huo huwa na maabara yake, na chumba cha kumtenga mgonjwa, na maji bombani. Sisi twangoja jibu siku sita, na mtoto mchanga hangoji.

Tulifanya nini? Machache. Chupa ya pamba haiko tena; dawa huzimuliwa kwa kipimo kila asubuhi, kidogo kidogo, na jioni kinachobaki humwagwa na chombo huchemshwa. Sabuni hukatwa vipande na kukauka juu ya wavu. Seftriakisoni haitolewi ila mganga mkuu akiandika sababu yake. Na kwa mikono twajitengenezea wenyewe maji ya alkoholi kwa agizo la Shirika la Afya: kwa lita 10, mililita 8,333 za alkoholi ya asilimia 96, mililita 417 za maji ya oksijeni ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini, na maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita zitimie, kisha hukaa siku tatu kabla ya kutumiwa. Hufaa pale bidoni zinapokuwa tupu, ila mkono wenye damu au uchafu wa kuonekana sharti uoshwe kwa sabuni. Watu wameniuliza kama kanyanga yafaa badala ya alkoholi. Haifai, nguvu yake haina kipimo. Tena najua isingefika jioni.

Lililotushinda muda mrefu ni deni. Ebola ilipofika Mwenga mwezi wa Agosti 2019, ndoo za klorini ziliwekwa katika kila njia panda, na wageni wenye magari wakatufundisha kunawa. Ilipokwisha, ndoo nyingi ziliondoka na magari yao. Lakini mwaka ule wa hofu kamati ya hospitali ilikubali jambo moja ambalo mganga mkuu aliliomba mara tatu bure: aliyepona aende kwao, aweke sahihi, alipe kidogo kidogo siku za soko. Wengine hawalipi. Mwezi mwingine mshahara wangu hupungua kwa ajili yao, na mke wangu huniuliza maswali. Hata hivyo chumba chenye vitanda 12 sasa kina wanawake 12, au 13.

Wazazi, mkija kwetu, msione haya kumwuliza mwuguzi kama amenawa. Ataudhika, mwulizeni tu. Tena tukiwaambia kikohozi hiki hakitaki sindano, msiende kuitafuta kwingine.

Shangazi hakurudi upesi. Ndugu wa baba walikwenda kumwita mara mbili, akawajibu kwamba nyungu zake zilikuwa bado zimevunjika. Alirudi mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna maharagwe, baada ya kujengewa jiko jipya.

Mwezi wa Februari 2020 yule mama alikuja kuzaa tena. Alipasuliwa tena, akapata mtoto wa kiume. Asubuhi nilipoingia nilimkuta aliyemlinda ameketi kando ya kitanda na mtoto mapajani: ndiye yeye. Alikuwa amezeeka. Nikamwamkia, akaitikia. Nikanyosha mikono nimpokee mtoto nimpime, naye hakumtoa. Aliitazama mikono yangu, asiseme neno.

Nikarudi mlangoni, nikachota maji kwa kopo, nikanawa mbele yake kwa sabuni, vidole kimoja kimoja na chini ya kucha, nikasuuza mpaka maji ya kopo yakaisha. Nikaikausha mikono kwa kitambaa safi. Ndipo akanipa mtoto.